Paa Moja Kando ya Kuja

Jumapili, 14 Aprili

Chai ya Boke, haina maziwa. Kisha barazani. Nimekaa hapo mpaka jua likahamia upande wa nyuma. Mto Kuja una rangi ya udongo na hauna haraka. Kiboko mmoja ng'ambo. Ndege wengi. Mwanangu Akoth hakuna.

Mumewe, Odhiambo, alitoka na mtumbwi kabla sijaamka. Amerudi alasiri mikono mitupu. Aliinamisha kichwa kwa mbali, akafunga mtumbwi, akaingia kibandani kwake. Ndivyo siku zinavyokwenda. Yeye mtoni, mimi barazani.

Vijana wa Karungu waliokuja na nyavu na kulabu wamekwenda zao. Dada zangu wamerudi Rodi Kopany, wanakaa na wajukuu wangu. Mchungaji aliomba, akaondoka. Mimi nimebaki. Mwanangu alizama hapa na hapa ndipo atakapoibuka. Mto humrudisha mtu. Wote wananiambia hivyo, halafu wote wanapanda pikipiki na kuondoka.

Nyumba hii ni ya magogo, imesimama juu ya nguzo. Tajiri mmoja wa Nairobi aliijenga kwa ajili ya wageni wa kuvua samaki na kutazama ndege. Wageni hawakuja. Barabara mbovu, mamba, mbu. Akamwacha Odhiambo ailinde. Akoth akamfuata mumewe huku porini, watoto wao, Awuor na Ochieng', wakabaki kwangu kwa sababu ya shule. Popo wamejaa darini, wananuka.

Ni nyumba ya tajiri, si ya mkwe wangu. Najiambia hivyo kila jioni nikifunga mlango. Kwetu mama halali kwa mkwewe. Mimi ni Msabato, tena mwalimu mstaafu, lakini hata mimi ningeona haya.

Niandike wazi, hakuna atakayesoma. Simtaki Odhiambo. Walikuwa wawili ndani ya mtumbwi. Ametoka mmoja.

Jumatatu, 15 Aprili

Mimi na yeye hatusemezani. Heshima ya ukwe haituruhusu, nami sina hamu. Tunapitia kwa Boke. Boke ni Mkuria, mumewe anachunga ng'ombe juu ya kilima, na alikuwa akimsaidia Akoth kazi za nyumba hii. Hajui Kijaluo, kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachotubeba.

Leo kuni ziliisha. Nikamwambia, "Boke, mwambie Baba Awuor kuni zimekwisha." Odhiambo alikuwa amesimama palepale chini ya ngazi, anasikia kila neno. Boke akamgeukia: "Mama anasema kuni zimekwisha." Akajibu, "Mwambie Mama naleta." Boke akanigeukia: "Anasema analeta."

Akoth angecheka mpaka akae chini.

Mchana alikuja kaka mkubwa wa Odhiambo na wazee wawili wa ukoo wao. Nilijua wamekuja kwa nini. Mtu akimezwa na maji asionekane, kwetu huzikwa yago badala yake, tunda la mwegea. Refu, zito, kama mtoto mchanga aliyefungwa nguo. Linavishwa, linashushwa kaburini, watu wanalia, imekwisha. Wakasema watoto hawawezi kuishi na mama asiye na kaburi. Wakasema Odhiambo naye amefungwa, hawezi kufanya lolote mpaka amzike mkewe.

Niliwaambia mimi sikuzaa tunda.

Walikunywa chai, wakaondoka bila kuniaga vizuri. Sijutii.

Jumatano, 17 Aprili

Hapa hakuna mtandao. Boke hupeleka simu yangu kilimani kila asubuhi. Leo aliteremka akikimbia. Wavuvi wa Karungu wametoa mwili majini.

Odhiambo hakungoja kuambiwa. Alipita njia ya vichakani kutafuta pikipiki.

Nilichemsha maji, nikaoga. Nikatoa gauni la buluu la Akoth, lile la harusi ya binamu yake, nikalinyoosha kwa mikono juu ya kitanda. Boke alinisaidia kufagia chumba. Baadaye nikakumbuka kwamba mwili uliokaa majini hauvishwi gauni. Nikalikunja tena.

Hajarudi.

Alhamisi, 18 Aprili

Amerudi. Matope mpaka magotini. Alisimama chini ya ngazi, akamtazama Boke.

"Mwambie Mama si yeye. Ni mwanamume. Wanadhani ni wa kisiwa cha Remba."

Nilifurahi. Ndivyo ilivyokuwa, nilifurahi, halafu nikamfikiria mama wa huyo wa Remba ambaye huenda hata hajapigiwa simu. Halafu nikakasirika kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuoga na kujiandaa. Nilitaka awe yeye. Sikutaka awe yeye. Nimechoka.

Odhiambo alikaa kwenye jiwe la kufulia mpaka giza. Hakula. Boke alimpelekea ugali, akaurudisha.

Jumamosi, 20 Aprili

Sabato. Niliimba nyimbo tatu peke yangu barazani, sauti ikawa inapotelea majini. Nikaacha.

Odhiambo alikuwa ananawa ukingoni, shati amevua. Sikukusudia kumtazama. Shingoni kwa nyuma ana alama, zinaanza kupona. Zimeteremka mpaka begani. Ni kucha.

Niliweka kitabu cha nyimbo chini.

Nikamwita Boke. "Muulize Baba Awuor shingoni amefanya nini." Boke hakutaka. Nilimkazia macho, macho ya darasani. Akauliza. Odhiambo alivaa shati haraka, akafunga mpaka kifungo cha juu kabisa.

"Mwambie Mama ni miiba."

Miiba haiteremki minne minne sambamba. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, uongo wa mvulana naujua kabla hajaumaliza.

Alimshika. Mwanangu alimshika huyu mtu, na huyu mtu akatoka peke yake.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimeamua. Alhamisi nitaondoka. Nitapita kwa chifu kwanza, nimweleze habari ya alama zile. Halafu watoto. Awuor na Ochieng' watabaki kwangu, na baba yao asije kukanyaga uwanja wangu. Awuor ana miaka minane, ataelewa. Mdogo atasahau.

Leo siwezi hata kula chakula kilichopikwa kwa kuni zake.

Jioni migomba ilipita mtoni. Migomba mizima, imeng'olewa na mizizi yake, mmoja una mkungu bado. Hapa hakuna migomba. Imetoka juu, Kisii.

Jumanne, 23 Aprili

Mbingu nyeupe, hakuna tone la mvua. Lakini mto umepanda. Asubuhi ulikuwa chini ya jiwe la kufulia. Mchana jiwe halionekani. Maji yamekuwa mekundu na yana povu.

Boke amekwenda kuhamisha ndama. "Nitarudi kesho asubuhi, Mama. Usiteremke." Nilimwona akivuka bonde dogo la nyuma ya nyumba, maji yakiwa kwenye vifundo vyake.

Odhiambo amepandisha mtumbwi, ameufunga kwenye mkuyu. Amebeba magunia yake kutoka kibandani, akayaacha kwenye ngazi yangu bila kuinua macho. Mahindi, mafuta ya taa, kamba, panga. Sikumwambia kitu. Hapakuwa na Boke wa kumwambia.

Jumatano, 24 Aprili

Mwandiko mbaya.

Maji yaliingia alfajiri, sauti yake kama lori linalopanda mlima. Nilipofungua mlango, kulikuwa na mto mbele na mto nyuma. Bonde alilopita Boke limejaa. Kibanda cha Odhiambo kilisimama kidogo kisha paa likalala, na ukuta ukayeyuka kama sukari. Mtumbwi ulikatika kamba, ukaenda.

Yeye alikuwa juu ya mkuyu. Kati ya mti na baraza langu si mbali, mtoto angerusha jiwe likafika. Nilingoja aje. Hakuja. Alikaa pale kwenye tawi, amenipa mgongo, kama mtu aliyekaa kwenye benchi la stendi.

Nikaelewa. Alikuwa hataki kuingia kwa sababu mimi nimo.

Mchana mkuyu ukaanza kuinama. Niliona mizizi upande mmoja. Nikamwita kwa mdomo wangu mwenyewe, mara ya kwanza tangu amwoe mwanangu.

"Baba Awuor! Ingia ndani!"

Hakugeuka. "Mama, siwezi."

"Nyumba si yako!"

"Lakini wewe umo, Mama."

"Mti unaanguka!"

"Naona."

Sikuwa na huruma, niseme kweli. Nilikuwa na hasira. Nilimpigia kelele ambazo sijapiga tangu nistaafu. Nilimwambia kwamba mmoja amekwisha kunipotea kwenye maji haya na sijamzika, kwamba sina nguvu ya kukaa kwenye baraza hili kumngojea na wa pili. Nikamwambia kama anataka kufa akafie mahali ambapo mimi sioni.

Akaingia majini. Alishika kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kutoka mtini mpaka kwenye nguzo, ikamvuta, ikakatika alipokaribia. Nililala kifudifudi, nikamshika mkono. Ngozi kwa ngozi, mama mkwe na mkwe. Nilimvuta akapanda.

Amesimama kwenye kona, anatiririka maji, uso ukutani. Nimempa taulo bila kugeuka. Tuko chini ya paa moja.

Alhamisi, 25 Aprili

Leo nilikuwa niende kwa chifu.

Nimefunga shuka katikati ya chumba, kutoka msumari hadi msumari. Yeye upande wa mlango, mimi upande wa kitanda. Maji yanasikika chini ya mbao. Yanagusa. Nyoka mdogo wa kijani ameingia, Odhiambo akamtoa kwa ncha ya panga bila kumuua.

Nilipika ugali kwa jiko la mafuta. Nikasukuma sahani yake chini ya shuka. Alikula kimya kabisa, kama mwizi.

Saa sita nikasema, "Ile si miiba."

Alirudisha sahani chini ya shuka. Halafu akasema yote. Alisema kwa Kijaluo. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa lugha ya mama siwezi kuyaandika.

Walikuwa wanakuja kwangu, kuwachukua watoto shule zimefungwa. Gogo lilipiga mtumbwi ubavuni, ukapinduka. Akoth hakujua kuogelea. Alimpanda mgongoni, akamkumbatia shingo.

"Tukazama. Nikapanda, nikamwambia, niachilie, nitakushika mimi. Hakunisikia, Mama. Alikuwa si Akoth tena, alikuwa ni mikono tu. Tukazama tena. Nikanywa maji. Nikaona tunakwenda wote wawili."

Nikamwambia aendelee.

"Nikageuka nikampiga. Usoni. Kwa nguvu. Kule Remba wavuvi hufanya hivyo, unampiga alegee, halafu unamvuta kwa nguo. Akalegea. Nikanyoosha mkono nimshike."

Nilisikia pumzi yake upande wa pili wa shuka.

"Mkono wangu ulikuta maji, Mama."

Ijumaa, 26 Aprili

Alimpiga mwanangu usoni.

Sikupika. Hakuomba chakula. Mvua sasa inanyesha na hapa.

Kitu cha mwisho alichokijua Akoth duniani ni ngumi ya mumewe. Nimeliandika nilione. Nimeliona.

Jumamosi, 27 Aprili

Sabato, na nimefanya kazi ya punda.

Magogo yanateremka na maji, mengine makubwa kama ng'ombe. Tangu asubuhi yalikuwa yakijikusanya kwenye nguzo za upande wa juu. Nyumba ilianza kulia. Sahani zilisogea zenyewe mezani. Odhiambo alitazama kwenye nyufa za mbao, akasema yasipotolewa nyumba itaondoka na sisi ndani.

Hakuna aliyemwambia afanye. Alifunga kamba kiunoni, akachukua mti mrefu, akanipa ncha ya pili ya kamba. Alinipa mkononi, akanitazama usoni. Nadhani alijua ninachofikiri.

Nilizungusha kamba kwenye nguzo ya baraza mara moja, nikaishika kwa mikono yote miwili. Akateremka. Maji yalimfika kifuani. Alisukuma gogo la kwanza, likaenda. La pili. La tatu lilijiviringisha, likampiga, akapotea.

Kamba ikakazika.

Niliwaza kuiachia. Naliandika kwa sababu ni kweli. Niliwaza, mto umchukue na yeye, tuwe sawa. Ilikuwa ni wazo tu, likaja likapita, wala halikunitisha.

Kilichonitisha kilikuja baadaye. Nilikuwa nimekwisha kuamua kumshika, nashika kwa nguvu zangu zote, namwita Mungu kwa sauti, na bado kamba inanitoka. Ilinichuna viganja. Ilinivuta mpaka kifua changu kikagonga nguzo. Na mikono yangu ikataka kufunguka. Yenyewe. Mimi nilikuwa sitaki, mikono ilitaka. Kama ingefunguka, ningewaambia nini watu? Nani angeniamini?

Niliuma kamba kwa meno. Mimi, bibi wa miaka sitini na saba. Akatokea kwenye uso wa maji, akashika mbao ya ngazi, akatapika.

Nyumba imeacha kulia. Amelala upande wake wa shuka, ana jeraha kichwani, nimemfunga kwa kitambaa cha leso yangu. Viganja vyangu vimevuja damu kwenye ukurasa huu.

Sina chuki leo. Wala sina upendo. Nina njaa tu. Nitapika uji, vikombe viwili.

Jumapili, 28 Aprili

Maji yameshuka usiku. Kumebaki matope, samaki waliokufa, kiatu cha mtoto, mlango mzima wa nyumba ya mtu.

Boke alikuja mchana akizunguka kwa nyuma. Alipotuona wote wawili tukitoka kwenye mlango mmoja, akasimama. Akatazama shuka ndani, akatazama kichwa cha Odhiambo, akatazama mikono yangu. Alikaa chini kwenye matope, akafunika uso kwa leso, akalia. Alikuwa ametuhesabu maiti.

Baadaye nilitaka maji ya kunawa. Nikaanza, "Boke, mwambie..." Nikaacha. Nikamgeukia mwenyewe.

"Baba Awuor, niletee maji."

Boke alinitazama kama nimevua nguo.

Jumatano, 1 Mei

Tumeteremka mpaka chini, mimi na Odhiambo, yeye mbele mimi nyuma. Nilitaka kuona. Kisiwa cha mchanga alichokuwa akikizunguka kila siku na mtumbwi akimtafuta mkewe hakipo. Mto umehama. Umepiga njia mpya katikati ya mashamba ya watu, na mahali walipopindukia sasa ni tope lenye nyasi zilizolala.

Kila kilichokuwa humu kimekwenda ziwani. Akoth pia. Ziwa ni kubwa.

Hatarudi.

Nilisimama pale mpaka miguu ikazama. Kulia sikulia. Nilijihisi mjinga, nimekaa barazani siku zote zile nikitazama maji kama mtu anayengoja gari lililokwisha kupita.

Tukiwa njiani kurudi nikamwambia awapigie simu wazee wake. Akauliza, niwaambie nini? Nikasema, waambie watafute yago.

Alisimama. Akasema, "Na kanisa lako, Mama?" Nikamwambia kanisa langu halikuwa juu ya mti.

Lilikuwa neno baya. Nitaomba msamaha kwa Mungu. Lakini kwa mchungaji sitaomba.

Alhamisi, 9 Mei

Tumemzika Akoth kwao Odhiambo, upande wa Karungu, mkono wa kushoto wa nyumba.

Odhiambo alilileta tunda mwenyewe, amelibeba mikononi. Nilidhani nitachukizwa. Lilikuwa zito kuliko nilivyotarajia, kijivu, na ngozi kavu. Wanawake wa kwao walinipisha. Nikalivisha gauni la buluu. Halikukaa vizuri kwenye mabega, hayapo mabega, nikalifunga kwa mshipi wake. Hapo ndipo nililia. Nililia mpaka nikashindwa kusimama, na mama yake Odhiambo akanishika kiuno. Tulikaa chini pamoja kama wasichana.

Wazee walikwisha kusikia habari ya paa moja. Mmoja akasema kuna mbuzi wa kuchinjwa kusafisha jambo hilo. Nikasema wachinje, watu wana njaa.

Kabla ya udongo Odhiambo aliniita kando. Alitaka kusimama mbele ya watu aseme. Yote, na ngumi. Alisema haliwezi kukaa kifuani mwake. Uso wake ulikuwa umekonda, jeraha la kichwa bado halijafunga.

Niliwatazama watoto. Awuor alikuwa ameshika mkono wa mdogo wake, wamevaa sare za shule kwa sababu ndizo nguo zao nzuri.

Nikamwambia, "Usiseme."

"Mama, ni haki yao."

"Ni haki yao. Si leo. Leo wanamzika mama yao, waache wamzike."

Akauliza ni lini. Nikasema sijui. Nikasema ikifika siku tutakwenda wote wawili, nitakaa karibu yake wakati anasema.

Sijui kama nilifanya vizuri. Kwa chifu sitakwenda. Hilo nalijua. Lakini mara nyingine naamka nikiwa nimekunja ngumi, na ninayetaka kumpiga ni yeye. Wanasema nimemsamehe. Sijui wanatoa wapi habari hiyo.

Jumapili, 19 Mei

Nyumbani, Rodi Kopany. Asubuhi nilipalilia sukuma. Viganja vimepona, ngozi mpya ni nyekundu.

Odhiambo ameacha ile kazi ya mtoni. Amepanga chumba nyuma ya soko, anapasua mawe huko machimboni. Alikuja saa tisa, amenyoa, amevaa shati safi. Alisimama langoni mpaka nikamwambia aingie. Akaingia hatua chache, akasimama tena.

Leo watoto wanalala kwake kwa mara ya kwanza. Yeye ndiye aliyeomba. Nilichukua siku nne kujibu.

Awuor alibeba mfuko wao. Ochieng' alitaka kubebwa, baba yake akamweka begani. Nikawasindikiza mpaka kwenye ua.

"Huyu hapati usingizi bila kukunwa mgongo," nikamwambia. "Polepole, kutoka juu kwenda chini. Ukiacha mapema anaamka."

"Sawa, Mama."

"Na asinywe maji mengi."

"Sawa."

Walishika njia ya sokoni. Awuor aligeuka mara moja, akanipungia. Mdogo hakugeuka, alikuwa anamweleza baba yake kitu kirefu.

Nimerudi ndani. Nimekula omena na ugali wa mchana. Nguo zao zilikuwa bado kwenye kamba, nikazianua kabla ya umande, nikazikunja juu ya kiti. Redio ya jirani inacheka. Nimeketi mlangoni, nimevua viatu.